Beryl Anahojiwa na Tume

Kiti kimoja kilibaki wazi Nairobi, na wivu ukaamka Darsait, Maskati.

Jaji mmoja wa Mahakama ya Juu ya Kenya alikuwa ametimiza umri wa kustaafu, akavua joho lake akaenda zake kulea wajukuu. Tume inayoajiri majaji ikatangaza nafasi. Wenye sifa wakaomba, wakachujwa, na majina ya waliobaki yakatolewa hadharani, wananchi wakiambiwa kwamba mwenye neno juu ya yeyote kati yao, jema au baya, alilete. Baada ya hapo kila mmoja angeketi mbele ya Tume aulizwe maswali, kamera zikiwa wazi na nchi nzima ikitazama. Mwisho Tume ingejifungia, ichague jina moja, impelekee Rais amteue. Hiyo ndiyo mahakama ambayo juu yake hakuna rufaa, isipokuwa kwa Mungu.

Priscah aliyajua haya yote kwa sababu alikuwa ameyasoma kwenye simu, mara nyingi kuliko alivyosoma Zaburi wiki ile. Kati ya majina yaliyotolewa lilikuwamo la Beryl, aliyekaa naye dawati moja shuleni.

Priscah alikuwa mtunzaji wa Bi Hind, mjane wa Kimanga aliyezaliwa Unguja na kuzeekea Maskati. Alimwogesha, akampimia sukari, akamsomea majina ya dawa, akamkorogea uji wa ngano bila sukari huku akisikia malalamiko ya uji bila sukari. Kazi yenyewe ilikuwa njema na nyumba ilikuwa ya heshima. Lakini hata kazi hiyo ni Beryl aliyemtafutia, enzi zile Beryl alipokuwa mshauri wa sheria katika kiwanda kimoja kule Rusayl, pamoja na Yaqdhan, mwanawe Bi Hind. Beryl alikaa Omani miaka michache, akarudi kwao, akawa jaji, akapanda. Priscah alibaki na uji.

Na shuleni ni nani alikuwa wa kwanza? Hilo ndilo swali ambalo Priscah alikuwa akijiuliza akisugua sufuria. Ni yeye. Beryl alikuwa wa tatu, wa nne, na insha alikuwa akiandikiwa. Kisha mama yake Priscah akaugua, Priscah akaitwa nyumbani kumtunza kabla ya mtihani wa mwisho, na tangu siku ile hajaacha kutunza watu.

Simu iliingia akiwa anamenya vitunguu.

"Prisi, uko?"

"Niko, Jaji."

"Jaji ni wa huko mahakamani, mimi ni Beryl. Sikiza, nahojiwa Jumatano. Nilitaja watu watatu wanaonijua kikazi. Wawili wameshaongea na Tume. Yaqdhan ndiye hapatikani. Walimwandikia kwa anwani ya kiwanda, kumbe alishatoka huko. Nimewapa ile namba uliyonitumia. Mwambie tu apokee simu ya Kenya, aseme anavyonijua. Dakika mbili."

"Nitamwambia."

"Wee ndiye dada yangu, unajua?"

"Najua."

Alikata simu akafuta macho. Vitunguu vilikuwa na sehemu yao katika machozi yale, na sehemu nyingine ilikuwa yake mwenyewe.

Haki lazima isemwe: alipoingia sebuleni, Priscah alikuwa na nia ya kufikisha ujumbe. Bi Hind alikuwa kwenye kochi lake, buibui begani, kikombe cha kahawa mkononi.

"Bi Hind, Beryl anakusalimia. Anahojiwa na Tume Jumatano. Wanataka neno la Bwana Yaqdhan."

Kikombe kikagonga kisahani.

"Subhanallah! Anahojiwa? Na tume? Kafanya nini mtoto wa watu?"

Priscah alisimama pale na kisu cha vitunguu bado kiko mkononi. Alielewa papo hapo kilichotokea. Kwao Kenya mtu akitafuta kazi huhojiwa, na anayehojiwa hununua hata viatu vipya. Kwa Bi Hind, anayehojiwa amekamatwa na polisi, na tume huundwa pale ambapo pameharibika jambo. Siku chache nyuma Bi Hind alikuwa akimsimulia kuhusu mjukuu wa nduguye huko Unguja aliyeitwa benki kwenye usaili, na Priscah akauliza usaili ni kitu gani. Bi Hind alicheka hadi akakohoa. "Nyinyi watu wa bara! Ni pale unapokwenda kuomba kazi, wakakutazama meno kama punda."

Kwa hiyo neno alikuwa nalo. Lilikuwa pale pale kwenye ulimi: ni usaili, Bi Hind, anaomba kiti cha mahakama kubwa. Alilihisi, akahisi pia kitu kingine, kitamu kama tende ya kwanza jioni ya mfungo. Kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba hii, jina la Beryl lilikuwa limetajwa kwa huruma. Si "yule mwenzio mwenye akili", si "yule aliyejua kukaa na watu". Mtoto wa watu, kafanya nini.

"Sijui, Bi Hind," alisema. "Hakuniambia."

"Na Yaqdhan wangu wamtakia nini? Ushahidi?"

"Kama ushahidi, ndiyo."

"La haula!"

Yaqdhan alikuja baada ya alasiri, kama kawaida yake, kanzu nyeupe pe, akambusu mama yake kichwani. Hakukaa hata kidogo kabla Bi Hind hajamwaga yote. Yaqdhan akakunja uso.

"Hivyo ndivyo! Tangu jana namba ya Kenya yanipigia, nlidhani matapeli. Mama, mimi sasa mtu wa wizara. Siwezi kutiwa kwenye kesi za serikali za watu. Beryl nampenda, alikuwa mwenzangu wa kweli, lakini hili hapana. Ile namba ntaifungia." Akamgeukia Priscah. "Dada Priscah, wewe wajua kisa chenyewe?"

"Sijui, kaka."

Alisema hivyo mara ya pili, na mara hii ilitoka kwa urahisi zaidi. Hilo lilimtisha kidogo, lakini kidogo tu.

Jioni ile alimsikia Bi Hind kwenye simu na mdogo wake wa Qurayyat, Bi Bashayer. "Usimwambie mtu," Bi Hind alisema mara tatu, na Priscah alijua kwamba ikifika magharibi, Qurayyat nzima itakuwa inamsikitikia jaji wa Kenya.

Ijumaa, siku ya mapumziko Omani, akaenda Ruwi kwenye ibada. Wakenya wa ushirika wao walikusanyika kama kawaida katika ukumbi wa kanisa, baadhi wakiwa na nguo za kazi kwenye mifuko maana wangeenda zamu moja kwa moja. Omondi, fundi umeme mwenye mdomo usiofungwa swichi, alimdaka mlangoni kwa jina la mwanawe.

"Mama Alvin! Mwalimu wa majaji! Si ni wewe ulikuwa ukimwandikia insha? Sasa Beryl akiingia Mahakama ya Juu, hukumu atakuwa anakutumia WhatsApp usahihishe."

Watu wakacheka. Stacy, msusi mwenye kazi yake kule Ghubra, akampiga Omondi begani. "Mwache mama wa watu. Hata mimi ningekuwa nimesoma na jaji ningetembea katikati ya barabara."

"Ungegongwa," Omondi akasema.

Priscah alicheka nao. Kicheko kilimuuma kwenye taya. Kisha mchungaji akatangaza kwamba dada yetu Beryl, aliyewahi kuabudu nasi katika ukumbi huu huu, anaingia kwenye mahojiano, na kwamba Mama Alvin atatuongoza katika maombi kwa kuwa anamjua kuliko sote.

Priscah alijulikana kwa maombi. Akiomba, hata watoto walikuwa wakinyamaza. Siku hiyo aliombea wagonjwa kwa majina, akaombea wasio na kazi, wenye viza zinazokwisha, akaombea taifa la Omani na viongozi wake, taifa la Kenya na viongozi wake. Alizunguka dunia nzima. Alipofika kwa Beryl, jina likakataa kutoka.

"Na kuhusu dadetu," alisema, "mapenzi yako yatimizwe, Bwana. Amina."

"Amina!" wakaitikia.

Hayo ni maneno matakatifu, na yapo katika sala aliyotufundisha Bwana mwenyewe. Lakini Priscah alijua namna alivyoyatumia. Aliyatumia kama mtu anayefunga mlango taratibu ili asisikike. Mungu hakuhitaji kuelezwa, na Priscah naye hakumweleza.

Siku iliyofuata alimkuta Bi Hind juu ya mswala, amekaa kwenye kiti kwa sababu ya magoti, mikono imeinuliwa. Alimsubiri amalize.

"Nmemuombea yule mwenzio," Bi Hind alisema akijipangusa uso. "Kila sala namtia. Nnasema, ya Rabbi, kama kakosea msamehe, na kama kasingiziwa mtoe. Weye pia wamuombea kwenu huko?"

"Namwombea, Bi Hind."

Kikongwe huyu alikuwa ameikosea habari yote, na maombi yake yalikuwa ya kweli. Yeye Priscah aliijua habari yote vizuri, na ombi lake lilikuwa la uongo. Alikwenda jikoni akakoroga uji hadi ukaungua.

Jumatano ikafika.

"Hebu nitilie kwenye televisheni," Bi Hind akasema. "Nimwone hata kama moyo utaniuma."

Priscah angeweza kusema mtandao haukamati. Lakini alitaka kuona mwenyewe, na wivu una udadisi wake. Akaunganisha simu na televisheni, na Beryl akatokea ukutani mwa Bi Hind, mkubwa kuliko alivyowahi kuwa: suti ya rangi ya zambarau, nywele fupi zenye mvi iliyokaa mahali pake, gilasi ya maji mbele yake. Makamishna walikuwa wamekaa upande wa pili kwa safu. Kiingereza kilikuwa kingi, na Bi Hind hakukijua ila cha dukani na cha hospitali.

"Wanasemaje?"

"Wanamuuliza mambo ya sheria."

"Mbona yule bwana mwenye miwani acheka? Hii tume gani yenye kucheka?"

Priscah akaongeza sauti. Ndipo kamishna mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, akabadilisha lugha. Alisema mahakama hii ni ya Mkenya wa kila namna, kwa hiyo anamwomba jaji amjibu kwa lugha ya taifa: ni lini mara ya kwanza alipojua haki ni kitu cha kupigania?

Beryl akatabasamu. Akasimulia jinsi walivyokuwa shule ya bweni, maandazi ya walimu yakapotea, na bweni zima likamnyooshea kidole msichana mmoja yatima kwa kuwa alikuwa na njaa kila siku na kila mtu alijua hivyo. Mwalimu mkuu akashika fimbo. "Tukasimama," alisema Beryl. "Tukamuuliza: mwalimu, ni nani aliyemwona? Na hakuna aliyemwona. Siku ile nilijua kwamba swali moja laweza kuzuia fimbo."

Chumba cha Tume kikapiga makofi madogo. Bi Hind naye akapiga paja lake.

"Mwangalie! Shujaa tangu utotoni! Na weye ulikuwapo?"

"Nilikuwapo," Priscah alisema.

Tukasimama! Hakuna "tu" iliyosimama siku ile. Alisimama yeye, Priscah, peke yake, na mkono wa Beryl ulikuwa chini ya dawati ukimvuta sketi: kaa, kaa chini, utatuletea balaa. Na aliyefyeka nyasi nyuma ya vyoo wiki nzima kwa utovu wa adabu hakuwa "sisi". Sasa kisilabi kimoja kimemwingiza Beryl katika ushujaa ambao hakuuonja, na nchi nzima inampigia makofi. Kama kulikuwa na saa ambayo Priscah aliona ana haki ya kunyamaza, ndiyo hiyo. Alikaa kitako akakunja mikono. Na lolote limpate.

Mwenyekiti wa Tume alirudi kwenye Kiingereza. Bi Hind akashtuka.

"Kasema Maskati! Kasema Yaqdhan! Nmesikia kwa masikio yangu. Wanasema nini?"

Mwenyekiti alikuwa anasema kwamba kati ya watu aliowataja jaji, mmoja wa Maskati ametafutwa bila kupatikana, na sasa hata simu haipiti, imefungwa. Alisema kwa sauti ya kawaida, bila ukali, kwamba Tume haipendi pengo. Jaji wa mahakama za chini akikosea, yuko wa kumsahihisha juu yake. Kiti hiki hakina wa juu. Je, jaji ana maelezo?

Beryl alivua miwani akaifuta kwa kitambaa cha koti. Priscah aliijua ishara hiyo. Shuleni, kabla ya kuwa na miwani, Beryl alikuwa akifuta rula vivyo hivyo, akiogopa. Alisema hajui kwa nini. Alisema ujumbe aliupitisha kwa mtu wa nyumba ile, mtu anayemwamini kama nafsi yake, na kama haukufika, basi pametokea jambo. Anaomba Tume imvumilie.

"Priscah! Wasemaje?"

Priscah alimwangalia mama huyu mzee aliyemwinulia Beryl mikono sala kwa sala. Angeweza kusema sijui. Lingekuwa la tatu. Akafungua mdomo kulisema na likakataa, kama lilivyokataa jina la Beryl siku ya Ijumaa. Na wivu haukuwa umepungua hata chembe. Alikuwa nao kifuani, mzima, unapumua.

"Bi Hind, Beryl hashtakiwi. Hakufanya kosa lolote. Huu ni usaili."

"Usaili?"

"Anaomba ujaji wa mahakama ya juu kabisa. Wanamtaka Bwana Yaqdhan aseme tu kwamba anamjua ni mtu mwema. Kwetu usaili twaita mahojiano. Ulinielewa vingine, nami nikakuacha."

Kwenye televisheni Beryl alikuwa amerudisha miwani, anajibu swali jingine, sauti imeshuka kidogo.

"Uliniacha tangu siku ile ya vitunguu?"

"Tangu siku ile."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni yeye, si mimi."

Mzee hakupandisha sauti, wala hakutaja Mungu, na hilo lilikuwa zito zaidi. Alinyoosha mkono. "Nipe simu." Alimpigia Yaqdhan ofisini, akamtoa mkutanoni, akamwambia kwa Kiswahili na Kiarabu kwa pamoja aifungue namba ile ya Kenya sasa hivi, aipige yeye mwenyewe, na aseme yote anayoyajua juu ya mwanangu Beryl, wala asifupishe. Kisha akamrudishia Priscah simu.

"Yaqdhan nmemuweka sawa. Wamebaki wa Qurayyat. Maneno nliyapeleka mimi, weye utayarudisha. Kwa mdomo wako, mlango kwa mlango. Mimi ntakaa nikusikilize."

Wakaenda Jumamosi, Yaqdhan akiendesha. Nyumbani kwa Bi Bashayer, nyuma ya mitende, wanawake walikuwa wamekusanyika kwa kahawa na halwa, na wote walikuwa wanajua. Mmoja aliuliza kama jaji ameshafungwa. Priscah akakaa katikati yao kama aliyeitwa usaili yeye, akaanza. Hapana, mama, hakuiba. Hapana, hakula rushwa. Amesoma, amefanya kazi, ni msafi, ndiyo maana wamemwita. Kila sifa aliyoitaja ilimkwaruza ikitoka. Na walitaka zaidi! Ana watoto? Ni mrefu? Mpole? Halwa ilikuwa mdomoni na hakusikia utamu wake. Kisha nyumba ya pili, tena tangu mwanzo.

Walikuwa wamerudi kwa Bi Bashayer kunawa mikono simu ilipotikisika. Omondi alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, na picha za ngoma na nyuso zinazocheka: Tume imelitoa jina la Beryl, limekwenda kwa Rais.

Wivu ukamchoma, ule ule wa siku zote. Aliusubiri upite, haukupita. Bi Bashayer alikuwa anamtazama uso.

"Kuna nini, bibi? Khabari mbaya?"

Bi Hind, kwenye kiti chake, akamgeukia naye.

"Amepita usaili," Priscah alisema, kwa maneno yao, ili pasiwe na wa kukosea. "Beryl amepita."

Vigelegele vikapasuka uwani, virefu, vya kipwani, kwa ajili ya mwanamke ambaye wengi wao hawajamwona. Priscah alisimama katikati yake akiwa ameikumbatia simu kifuani. Vilipotulia, Bi Bashayer akasema, "Na ile hadithi ya maandazi, dada yangu kaniambia. Ati walisimama wakamuuliza mwalimu. Weye ulikuwa pamoja nao?"

Priscah alimwangalia Bi Hind.

"Nilisimama mimi," alisema. "Beryl alinivuta sketi."

Bi Hind aliinua nyusi. Kisha akaanza kucheka, kicheko kile kile cha punda na meno, hadi akakohoa, na Priscah akamletea maji.

Njiani kurudi, Priscah aliinamisha kichwa kwenye kiti cha nyuma. Hakuanza na wagonjwa, wala viza, wala mataifa. Bwana, alisema kimoyomoyo, Beryl. Lililofuata lilikuwa gumu. Mpe hekima. Mpe nguvu za kusimama, sasa ambapo sipo dawatini. Hakuongeza kuhusu mapenzi ya nani yatimizwe. Akafika Amina, na bado wivu unamuuma, akaanza tena tangu jina.